Uzi: Lamu mtu hupimwa ulimi kabla ya kuulizwa jina

MTU WA LANGONI (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum, na habari zenu wanajukwaa wote, wa visiwani, wa bara ya Lamu, na nyinyi mlioko Malindi, Mombasa na ughaibuni.

Naanzisha uzi huu kwa sababu ule wa ajira za bandari umeharibika. Ulianza vizuri. Watu walitaka kujua nani ameajiriwa, na kwa vigezo gani, tangu gati ya kwanza ifunguliwe Mei 2021. Kufikia ukurasa wa pili yakawa "wabara warudi kwao" na "wapwani wavivu", na aliyekuwa na swali la maana hakujibiwa na mtu. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Huku kwetu mtu akitoa salamu tu, ameshapangiwa mahali pake. Akisema "mai" anapotaka maji, ni wa Amu, yaani mji wa Lamu. Akisema Kitikuu, lahaja ya visiwa vya kaskazini, ni Mbajuni, na vijana wa mjini wanaanza kuangaliana. R na L zikigongana mdomoni ni wa Mpeketoni, kwenye makazi ya waliotoka bara ya Kenya, basi ni "mbara", hata kama yeye na babake wote wamezaliwa huko. Akisitasita kwa sababu Kiswahili si lugha ya kwao, pengine ni Muaweer (wengi wanasema Mboni) kutoka msitu wa Basuba, au Msanye, wa jamii nyingine ndogo ya wawindaji, na huyo hata hangojwi amalize anachosema. Tunafanya haya gatini, sokoni, ofisini, hata kwenye ua wa msikiti. Na kwa kuwa hakuna aliyepigwa wala kufukuzwa, tunajiambia ni utani.

Mimi nasema ni ubaguzi, na nasema unagharimu watu kazi, vitambulisho na masomo.

Nianze na masomo, kwa sababu hapo nimeona kwa macho yangu. Mpwa wangu yuko gredi ya tatu. Juzi alirudi na daftari la insha. Alikuwa ameandika: "Yana tuliteremka pwani. Mato yaliniwasha kwa mai ya chumvi na kitwa kikaniuma." Yana, mato, mai, kitwa, kila moja limezungushiwa wino mwekundu. Chini ya insha mwalimu ameandika kwa herufi kubwa: ANDIKA KISWAHILI. Nyanya yake, ambaye hajawahi kusema lugha nyingine maishani mwake, alikuwa amekaa mkekani karibu yetu na akaomba asomewe kilichoandikwa. Sikumsomea.

Sasa tujue tulifikaje hapa. Mwaka 1928 serikali za kikoloni zilifanya mkutano Mombasa, zikakubaliana kwamba Kiswahili cha vitabu kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja kitokane na Kiunguja. Kimvita cha Mombasa kiliwekwa kando, na Kiamu chetu pia. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia usanifishaji, na vitabu vya shule vikaanza kupitia mikononi mwake. Sina ugomvi na Kiswahili sanifu. Ndicho ninachoandikia hapa, na bila hicho mtu wa Kigoma na wa Kiunga wangepata tabu kuelewana. Lakini uamuzi wa kuchapisha vitabu kwa namna moja haukusema kwamba namna nyingine zote ni makosa. Hilo tuliliongeza wenyewe baadaye.

Mwana Kupona aliandika utenzi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, kwa lahaja ya visiwa hivi. Chuo kikuu utenzi huo husomwa kwa heshima kubwa, na kila "mato" na kila "mai" hufafanuliwa kwa upole pembeni mwa ukurasa. Maneno hayo hayo, yakitoka mdomoni mwa mtoto wa Langoni, yanazungushiwa wino mwekundu. Nani anieleze tofauti?

Na Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Mtoto wa Kitui wa gredi ya kwanza ana haki ya kufundishwa kwa Kikamba, lugha ya mazingira yake. Mtoto wa Amu anahesabiwa kuwa tayari anayo ya kwake, kwa sababu imeandikwa Kiswahili kwenye ratiba. Matokeo yake hana ya nyumbani wala hana hakika na ya shuleni.

Naomba mchangie kwa adabu. Nitarudi.

MWALIMU KISIWANI

Salaam, mwanzisha uzi. Mimi ni mwalimu, nafundisha Kisiwa cha Pate, kwetu ni Bungoma. Nimesoma uzi wako mara mbili na nina maswali.

Mtihani wa taifa unasahihishwa kwa sanifu. Msahihishaji aliyeko Nairobi hajui Kiamu wala Kipate. Nikimwachia mtoto "kitwa" tangu gredi ya tatu, akifika mtihani atapoteza alama, na mzazi atakayekuja kunigombeza ni yule yule anayelalamika leo kuhusu wino mwekundu. Unataka nifanyeje?

La pili, na hili naomba mlichukue kwa uzito. Mimi ninapozungumza, wanafunzi wananiigiza, na wazazi wengine wanacheka. Nimewahi kuambiwa kwenye mkutano wa wazazi kwamba mtu wa bara hawezi kumfundisha mtoto wa Kiswahili lugha yake. Nilisomea Kiswahili chuoni nikafaulu vizuri. Kuna siku nilitaka kuomba uhamisho kwa ajili ya maneno hayo tu. Kwa hiyo huo ulimi unaosema unapimwa, na wangu unapimwa.

MTU WA LANGONI

Mwalimu, ahsante sana kwa kuja. Tena pole. Kumcheka mwalimu aliyeacha watu wake akavuka maji kuja kufundisha watoto wetu ni aibu yetu, na naisema hadharani.

Kuhusu mtihani, uko sawa, na simtaki mtoto apoteze alama. Ninachoomba ni kidogo sana. Badala ya kuandika "andika Kiswahili", andika "hiki ni Kiamu, kwenye mtihani tumia kichwa". Hapo mtoto ameambiwa ukweli: kwamba anajua namna mbili, na kila moja ina mahali pake. Atajifunza sanifu haraka zaidi, maana atakuwa anaijenga juu ya anachokijua tayari. Ukimwambia lugha ya nyanyake si Kiswahili, umemwambia uongo, na yeye mwenyewe anajua ni uongo kwa sababu anasikia watu wazima wakielewana kwayo kutwa.

Wala asiniambie mtu kwamba lahaja hizi ni za kizamani na hazina faida kwa taifa. Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Matondoni hapa hapa, alitumia umri wake akichota katika hazina ya lahaja za Pwani kuunda istilahi. Runinga mnayoitazama kila jioni jina lake linahusishwa na yeye.

MTIKUU

Mwanzisha uzi, umegusa Wabajuni kwa mstari mmoja ukapita. Ruhusu niseme yaliyobaki.

Nilikwenda na babangu ofisi moja ya serikali kutafuta kitambulisho changu. Nina cheti cha kuzaliwa, nina cha shule, nina barua ya chifu. Karani hakuvigusa. Alimtazama baba akamwambia, "Mzee, hebu zungumza nikusikie." Baba akauliza azungumze nini. "Chochote." Mzee wa miaka zaidi ya sitini, mvuvi, amesimama mbele ya meza anatafuta la kusema ili lafudhi yake ipimwe kama ni ya upande huu wa mpaka au wa ule. Mwishowe akamwelezea yule karani upepo wa kusi unavyoingia na namna ya kushika tanga. Niliangalia sakafu muda wote.

Halafu tukaambiwa tulete cheti cha kuzaliwa cha babu. Babu alizaliwa kijiji cha bara, kule kaskazini. Vijiji vile Wabajuni walivihama miaka ya 1960 wakati wa vita vya shifta, wapiganaji waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, nyumba zikaachwa, mashamba yakarudi msitu. Cheti kitoke wapi? Nani alikuwa akiandika vyeti huko?

Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondoa msasa ule wa ziada uliokuwa ukifanyiwa watu wa kaunti za mpakani. Nimefurahi, na wadogo zangu natumai hawatapitia tuliyopitia. Lakini sheria ikibadilika, sikio la karani linabaki lile lile.

Na sasa nyinyi wa Amu. Nilipokuja kusoma mjini, sikutukanwa na mtu wa bara. Nilichekwa na nyinyi. Nikisoma kwa sauti darasani, mstari wa nyuma ulikuwa ukirudia maneno yangu. Nikajifunza Kiamu haraka ili niachwe. Leo mamangu akinipigia simu nikiwa katikati ya watu wa mjini, najikuta nashusha sauti. Hilo mmenifanyia nyinyi, ndugu zangu.

MTU WA LANGONI

Mtikuu, sina la kukujibu isipokuwa kukubali kwamba ni kweli. Naomba kila mtu wa Amu anayesoma hapa ausome ujumbe wako mara ya pili.

Kuna jambo moja lililonishangaza siku zote, nalo linaingia hapa. Tarehe 7 Julai kila mwaka dunia inaadhimisha Siku ya Kiswahili, UNESCO iliitangaza 2021. Viongozi huvaa kanzu na leso wakahutubia. Na huku watu ambao Kiswahili ni cha mama zao wanaambiwa wazungumze ili wathibitishe kwamba ni Wakenya. Ukiulizwa kabila ukajibu "Mswahili", bado wapo wanaokwambia hilo si kabila, taja la kweli. Lugha inapendwa, wenyewe wanatiliwa shaka.

PWANI DAIMA

Maneno mengi. Ubaguzi waliuleta wabara. Kabla yao hapa watu walikaa kwa amani na heshima. Pwani si Kenya, basi.

MTU WA LANGONI

Ndugu yangu, tusidanganyane. Mji wetu una mitaa ya Mkomani na Langoni, na babu zetu wanajua mstari ule ulimaanisha nini. Mkomani walikaa wenye nasaba na majumba ya mawe. Langoni walikaa wageni, wanyonge na wale waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa, na utumwa katika pwani hii ulifutwa kisheria mwaka 1907 tu. Alipokuja mwanachuoni Habib Saleh kutoka Ngazija, visiwa vya Komoro, katika karne ya 19 akawakalisha watu hao chini akawasomesha dini, wakubwa wa mji hawakufurahi. Waliona elimu imeshushwa hadhi. Leo watu wanatoka Afrika Mashariki nzima kuja Maulidi ya Riyadha, wanavua viatu mlangoni pa msikiti aliouasisi, na hakuna anayetaka kukumbuka kwamba ulianza kwa watu waliodharauliwa. Hapakuwa na mbara hata mmoja katika ugomvi ule. Tulibaguana Waislamu kwa Waislamu, watu wa mtaa mmoja.

Kwa hiyo "kabla yao tulikaa kwa amani" inategemea ulizaliwa upande gani wa mji.

MZALIWA WA MPEKETONI

Habari zenu. Nimefikiria sana kama niandike.

Babu na nyanya yangu walikuja miaka ya 1970, kwenye mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta. Walipewa shamba, wakafyeka, wakapanda pamba na mikorosho. Mamangu amezaliwa Mpeketoni. Mimi nimezaliwa Mpeketoni. Nazungumza Kikuyu na nyanya, Kiswahili na kila mtu mwingine. Central nimekwenda kwa mazishi tu, na huko binamu zangu wanasema nina Kiswahili cha Pwani, wananiita mswahili. Nikipanda boti Mokowe kwenda Amu ninaitwa mbara. Mnaposema "rudini kwenu", naomba mnionyeshe njia, kwa sababu siijui.

Usiku wa tarehe 15 Juni 2014, Mpeketoni iliposhambuliwa, nilikuwa nyumbani. Wengine hapa mlisoma habari, sisi tulikuwa chini ya kitanda. Usiku huo na uliofuata waliuawa watu zaidi ya sitini Mpeketoni na vijiji vya jirani. Washambuliaji walikuwa wakiuliza dini kabla ya kupiga risasi. Al-Shabaab walisema ni wao, serikali ikasema ni siasa za hapa, na sisi tukabaki katikati tunazika. Baada ya hapo, kila aliyeingia dukani kwetu akiwa na kofia ya kiua tulimtazama mara mbili, nasema ukweli. Na najua upande wenu kafyu iliwazuia kuvua usiku, mkala njaa kwa kosa lisilokuwa lenu. Tulitiana shaka pande zote. Kwa baadhi yetu bado haijaisha.

PWANI DAIMA

Pole kwa yaliyowapata, Mungu awarehemu marehemu. Lakini ardhi je? Watu wa visiwani walilima bara ile vizazi na vizazi hawana hati, wageni wakapewa hati. Hilo nalo ni "ulimi"?

MTU WA LANGONI

Hapana, hilo la ardhi ni haki kuulizwa, na nashukuru umeliuliza wazi. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo chuki nyingi zinapochota.

Dhuluma ya ardhi Pwani ina nyaraka. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka mtu aje adai shamba lake rasmi. Isiyodaiwa ikahesabiwa ni ya Taji la Uingereza. Mkulima wa Siyu au Matondoni anayevuka na dau kwenda kulima bara, msimu akirudi kisiwani, hakuwa na habari ya karatasi. Uhuru ulipokuja, ile ya Taji ikawa ya serikali, na serikali ikagawa inavyotaka. Hapo ndipo tulipokosewa, na aliyekosea anajulikana: ni dola, kwanza ya kikoloni kisha ya kwetu.

Halafu tazama nani amechukua nyingi. Julai 2014, wiki chache tu baada ya mauaji ya Mpeketoni, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za ekari 500,000 za Lamu zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22. Ekari laki tano! Hizo kampuni hazina lafudhi. Hatukuzisikia gatini, hatukuziambia zirudi kwao, wala hatukuzijua mpaka zilipotangazwa. Aliyekuwa akisikika ni mama wa Mpeketoni anayeuza mahindi na R yake na L yake, basi hasira yote tukammwagia yeye mwenye ekari zake chache.

Mzaliwa wa Mpeketoni, nakwambia kwa jina la Mungu: kwenu ni Lamu. Tudai ardhi kwa nyaraka, kwa tume na kwa mahakama, na wewe ukiwa nasi. Wavuvi walipodai fidia ya bandari walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2018 wakapewa uamuzi wa shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Njia ipo.

MAMBRUI

Mimi ni Mgiriama, nakaa upande wa Malindi, naomba nafasi kidogo.

Babu zetu mliwaita Wanyika, watu wa porini. Jina la Mijikenda, la sisi Wagiriama na ndugu zetu wanane, tulijichagulia wenyewe miaka ya 1940, kwa sababu lile lilituchosha. Sasa ni miaka themanini, na bado sokoni Malindi nasikia mtu akiambiwa "Mgiriama wewe" kama tusi. Dadangu anauza nazi. Akimjibu mteja kwa Kigiriama, anaonekana mshamba. Kijana wa ufukweni akimsalimia mzungu kwa Kiitaliano, ambacho amekiokota hapo hapo mchangani, anaitwa mjanja. Lugha ya mgeni wa wiki mbili ina heshima Malindi kuliko lugha ya Mekatilili wa Menza aliyewapinga Waingereza mwaka 1913. Siwalaumu vijana kutafuta riziki. Ninachouliza ni kwa nini Kigiriama kiwe cha kuonewa haya katika nchi yake chenyewe.

Tena wengi wetu tumeoleana. Nusu ya wanaotucheka wana nyanya Mgiriama.

MWALIMU KISIWANI

Nimesoma yote. Mwanzisha uzi, ile ya kuandika "hiki ni Kiamu" naweza kuianza muhula huu bila kumwomba mtu ruhusa. Shida ni kwamba Kipate sikijui vya kutosha. Kuna maneno natia wino mwekundu kwa sababu tu sijawahi kuyaona, huenda mengine ni makosa kweli na mengine ni lahaja. Nani atanisaidia kutofautisha?

MTIKUU

Mwalimu, waite wazee. Faza, Kizingitini na Siyu kuna wazee wamestaafu bahari, wamekaa barazani tangu alasiri. Mwalike mmoja Ijumaa asubuhi awaeleze watoto sehemu za jahazi na majina ya samaki, nawe uandike. Watoto watakuona umekaa chini unafundishwa na babu zao, na kukuigiza kutapungua, nakuhakikishia. Kitikuu nitakusaidia mimi, niandikie faragha.

MTU WA LANGONI

Hapo mmenena. Mwalimu, wa Amu nitakutafutia mimi.

Kabla uzi haujashuka, kuna watu hawamo humu. Waaweer. Tunawaita Waboni, jina ambalo wenyewe hawalipendi, na tumelizoea hata serikali ilipoanzisha operesheni ya usalama mwaka 2015 ikaiita Linda Boni. Walikuwa wawindaji na warina asali. Uwindaji ukapigwa marufuku nchini mwaka 1977, na hakuna aliyewauliza watakula nini. Lugha yao ni jamaa ya Kisomali, na hilo peke yake limetosha kuwatia mashakani. Shule za Basuba zilifungwa baada ya 2014 kwa ajili ya usalama, na watoto wakakaa miaka bila mwalimu. Hebu fikirini mama Muaweer amefika zahanati ya mjini, mtoto ana homa, Kiswahili chake ni cha kuunga unga, na anayemhoji ana haraka. Ataulizwa mtoto ameanza kuugua lini, atajibu anavyoweza, na dawa itaandikwa kwa kubahatisha.

Nimewauliza wawili watatu wanaofanya kazi ya afya kama kuna mkalimani wa Kiaweer hospitalini. Wote walishangaa kuulizwa. Kaunti ikitaka, inaweza kuajiri vijana wanne watano wa Basuba waliomaliza kidato cha nne, wakae zahanati za Hindi na Mokowe upande wa bara, na za mjini. Bajeti ya kaunti hujadiliwa hadharani na wananchi huruhusiwa kutoa maoni. Kikao kijacho mimi nitakwenda na ombi hilo likiwa limeandikwa. Mzaliwa wa Mpeketoni, Mtikuu, na wewe pia Pwani Daima, nataka majina yenu chini ya karatasi hiyo. Na kama yupo msomaji kutoka Mangai, Milimani, Kiangwe au Basuba yenyewe, tafadhali jiandikishe useme kama tunaomba kitu sahihi, kwa sababu mpaka sasa tumekuwa tukikusemea.

PWANI DAIMA

Niandikie siku na saa. Nitakuja.